Siku moja maishani mwangu: wakala wa pesa wa Ngamiani na maneno 250 kabla ya jua kutoka

Kila nikisema naandika riwaya, swali la kwanza ni hilo hilo: muda unaupata wapi? Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Ngamiani, Tanga. Kibanda nafungua saa 2 asubuhi, nafunga saa 2 usiku, na nyumbani nina watoto wawili na mama yangu mzazi. Ukweli ni kwamba muda huo siutafuti peke yangu. Tunautafuta watu thelathini na kitu, wengi wetu hatujawahi kuonana uso kwa uso, kwenye kundi la simu. Hii hapa ni Alhamisi ya wiki iliyopita, kama ilivyokwenda.

Saa 10:50 alfajiri

Naamka, nanawa uso, namimina chai ya rangi iliyobaki kwenye chupa tangu usiku. Kiungo cha chumba chetu cha mtandaoni hufunguliwa saa 11 kasoro dakika tano. Kamera zote zimezimwa, kwanza kwa sababu ya bando, pili kwa sababu hakuna mtu anayetaka kujitengeneza saa hizo. Zinasikika salamu tu, sauti bado zina usingizi. "Shikamooni wakubwa." "Marahaba, mmeamkaje?" Kaka yetu wa Muscat yeye kwake ni saa 12 tayari, yuko kwenye basi la kazini. Yule wa Bukavu kwake ni saa 10 na ndiye anayeamka mapema kutuzidi sote. Dada aliyeko Ohio bado yuko Jumatano, saa 4 usiku, ndiyo kwanza amelaza watoto.

Zamu ya kushika saa ilikuwa ya mwalimu wa Kasulu. Kabla hajaanza kuhesabu, kila mmoja huandika mstari mmoja wa anachokwenda kukiandika. Mimi niliandika: "Zuhura anafika kivukoni Pangani, pantoni imeshang'oa." Mstari huo una kazi kubwa kuliko unavyoonekana. Mtu ukishawaambia wenzako kwamba Zuhura amefika kivukoni, huwezi tena kukaa dakika kumi ukijiuliza uanzie wapi. Umeshaanza.

Halafu kimya, dakika 25. Riwaya yangu ni ya miaka ile ambayo ukitaka kwenda Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, ilikuwa lazima uusubiri mto ukubali, na mwanamke huyu anasubiri na mzigo ambao hataki mtu aufungue. Naandika kwenye simu kwa vidole gumba viwili, taa imezimwa, mama asiamke. Saa ikilia, kila mtu anataja namba yake: 310, 190, 264, 75. Hakuna anayesoma alichoandika. Hakuna anayeomba kusomewa. Hiyo ni sheria, na mimi ni mtetezi wake mkubwa, kwa sababu nimeona watu wazuri wakikauka pale walipoanza kusahihishwa kitu ambacho hakijafikisha hata nusu saa duniani. Alfajiri ni ya kutoa. Kuchagua kuna saa yake, nitafika huko.

Kuhusu namba. Mwalimu wa Kasulu ndiye aliyetuanzishia kundi, na yeye alitokea kwenye lile shindano la Wamarekani la kuandika riwaya ndani ya mwezi wa Novemba, NaNoWriMo, lililoanzia San Francisco mwaka 1999. Lengo lao lilikuwa maneno 50,000 kwa siku 30, yaani kama 1,667 kila siku. Watu wengi mno waliandika riwaya zao za kwanza humo, na taasisi yake ilipotangaza mwaka 2025 kwamba inafunga milango, mwalimu alihuzunika kama aliyefiwa na jirani. Lakini alishaona tatizo lake kwa mtu mwenye kazi ya kutwa: Novemba unaandika kama unakimbizwa, Desemba unalala, na ukilala unalala mpaka Novemba nyingine. Ndiyo maana sisi tukachukua maneno 250. Siku sita kwa wiki ni maneno 1,500. Wiki hamsini ni 75,000, na hiyo ni riwaya kamili, imeandikwa na mtu ambaye hajaacha kazi wala hajagombana na watu wa nyumbani kwake.

Saa 12 hadi saa 2 asubuhi

Sare za shule, uji, kiatu kimoja hakionekani. Asubuhi ya nyumba yoyote.

Saa 2 asubuhi, kibandani

Kazi yangu inaanza kwa kuhesabu. Floti, yaani pesa iliyomo kwenye simu, kiasi gani, taslimu kiasi gani, naandika juu ya ukurasa mpya wa kaunta buku. Kurasa za mbele za daftari hilo ni za miamala. Za nyuma ni za riwaya. Sasa zimebaki kurasa chache katikati, na nimeshanunua daftari jingine.

Niseme jambo hapa, maana nimeulizwa na wateja wenyewe: siandiki habari za mteja. Mtu akija kwangu nafahamu anamtumia nani, kiasi gani, na pengine kwa nini anatumia kwa siri. Hayo yanaishia kwangu. Ninachokiandika ni namna watu wanavyofanya mambo. Alhamisi hiyo alikuja mzee mmoja kutoa laki moja. Alininyooshea simu kwa mikono miwili ili nimbonyezee. Nikamwambia, "Namba ya siri weka mwenyewe, babu, mimi nageuka." Akaweka, polepole, akitamka kila tarakimu kimoyomoyo midomo ikicheza. Nilipompa noti zake kumi alizihesabu mara mbili, akazikunja pamoja mara moja, akavua kofia, akazipanga ndani ya ukingo wake, akaivaa, halafu akaigonga kidogo juu kwa kiganja, kama mtu anayemtuliza mtoto. Alipokwisha kwenda nikafungua nyuma ya daftari nikaandika: kofia, ukingo, kugonga kwa kiganja. Maneno manne matano. Nahodha wa pantoni kwenye riwaya yangu sasa ana mahali pa kuficha pesa.

Kibanda kinanifundisha hivyo kutwa nzima, na ndiyo maana simwelewi mtu anayesema kazi ya kuajiriwa au biashara inaua uandishi. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, kusini kidogo tu mwa mji wetu huu, mwaka 1909, na miaka mingi ya maisha yake alikuwa karani wa serikali, akianzia idara ya forodha. Alikuwa na mabosi, na mafaili, na uhamisho. Watu wa Tanga tunalitaja jina lake kwa fahari, nasi tumkumbuke pia akiwa kwenye dawati la ofisi.

Saa 7 mchana

Jua kali, mtaa umetulia, hata bajaji zimepaki kivulini. Hii ndiyo saa yangu ya kusoma kundini.

Nikakuta ujumbe wa binti wa Eldoret. Alikuwa amepotea siku kadhaa, anamuuguza mama yake hospitalini, na sasa anaomba radhi na kusema bora ajitoe kwa sababu "mnyororo wangu umekatika". Roho iliniuma. Hilo neno la mnyororo watu wanalitoa kwenye programu za simu zinazokuhesabia siku mfululizo, na siku ukikosa zinakurudisha sifuri. Kwa kujifunza lugha za watu sawa, kwa mazoezi ya viungo sawa. Kwa mtu anayeuguza mzazi ni ukatili.

Mwalimu wa Kasulu alimjibu kabla yangu, na alimjibu kwa hoja. Mwaka 2010 watafiti wa chuo kikuu cha University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walichapisha utafiti wao juu ya watu 96 waliojaribu kujijengea tabia moja mpya, ya kula, ya kunywa, au ya mazoezi, kwa wiki 12. Kwa wastani tabia iliota mizizi baada ya siku 66. Lakini wastani huo unaficha mengi: kwa makadirio yao kulikuwa na wa siku 18 na kulikuwa na wa siku 254. Na walichokiona, ambacho ndicho mwalimu alitaka binti akisikie, ni kwamba kukosa nafasi moja hapa na pale hakukubomoa kilichokuwa kimejengwa. Kilichojenga ni kurudia kitendo kile kile penye dalili ile ile: baada ya chai, baada ya kifungua kinywa, kila siku mahali pale pale.

Mimi nikamtumia ujumbe wa sauti, maana mambo mengine hayaandikiki. Nikamwambia kundini kwetu hakuna deni. Aliyekosa siku tatu akirudi anaandika maneno 250 ya siku hiyo, hafidii 750. Na kwamba wiki nzima tumemuuliza yeye na mama, hatukuuliza maneno. Akajibu jioni: "Asante dada, kesho nipo, nitaandikia wodini." Nami naamini hapo ndipo kundi linapolishinda daftari na programu yoyote. Programu inajua kwamba hukuja. Haijui kwamba una mgonjwa.

Saa 10 jioni

Watu wanatoka kazini na foleni inaanza. Kuweka, kutoa, kununua umeme, laini imefungwa, jina limekosewa. Saa 11 floti ikaisha, nikamtuma kijana wa duka la pili kwa wakala mkuu. Hakuna fasihi hapa.

Saa 1 usiku

Mwenzetu mmoja ni dereva wa lori, na siku hiyo alikuwa foleni Tunduma akisubiri kuvuka kwenda Zambia. Yeye saa 11 alfajiri mara nyingi yuko barabarani, kwa hiyo anaandika kwa mdomo: akisimama anajirekodi akisimulia, jioni anaisikiliza na kuiandika. Hahesabu maneno, anahesabu dakika tatu za sauti. Mwanzoni wako waliosema huko si kuandika. Sasa hakuna anayesema, kwa sababu mazungumzo ya wahusika wake ndiyo bora kundini. Mtu anayelazimika kuitamka kila sentensi kwa sauti yake hawezi kumpa utingo maneno ya kitabuni. Nimemuiga. Nikifunga kibanda, njiani nayarudia mazungumzo ya Zuhura na nahodha taratibu kwa sauti, na yale yanayokwama mdomoni nayafuta nikifika.

Saa 3 usiku, kusomeana

Alhamisi ni usiku wa kusomeana. Wanasoma wawili, dakika kumi kila mmoja. Aliyesoma hanyanyui mdomo mpaka wengine wamalize, na swali la kwanza daima ni moja: ulipotea wapi? Hatuulizi kama mtu amependa. Kupenda hakumsaidii mwandishi Ijumaa asubuhi.

Alisoma kijana wa Dodoma. Hadithi yake ni ya mama mkulima wa mwani huko Pemba. Siku ya mwezi mpevu, saa 10 jioni, mama anaingia baharini kukagua kamba zake, na mume aliyemtoroka miaka mingi anamfuata huko huko majini na wanazungumza huku mama akifunga mwani. Sentensi zake nzuri, tulinyamaza sote.

Akafungua maikrofoni bibi mmoja wa Wete, huko huko Pemba, ambaye amelima mwani nusu ya umri wake. "Mwanangu," akasema, "umesema mwezi mpevu. Mwezi mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na kukauka sana. Bamvua kwetu maji hukauka asubuhi, saa 4, saa 5, ndipo tunaingia. Saa 10 jioni bahari imejaa hadi pwani kabisa. Huyo mama kamba zake ziko chini ya maji, hata kigingi hakioni. Anafunga mwani gani?"

Kuna waliosema abadilishe saa tu, iwe asubuhi, yaishe. Bibi akakataa. Akamuuliza kijana: kwa nini ulitaka jioni? Akajibu kwamba alitaka mama awe amegombana nyumbani kutwa nzima ndipo akimbilie kazini kwake. "Basi mwache aje jioni hiyo hiyo," bibi akasema, "aikute bahari imejaa."

Nikasikia kijana akivuta pumzi. Fikiria tofauti yake. Mwanzo mama alikuwa na kazi mikononi, anaweza kumjibu mume bila kumtazama. Sasa amekaa mchangani na gunia tupu, kazi yake iko chini ya maji mpaka usiku, hana cha kushika, na mtu asiyetaka kumwona anakuja anakaa pembeni yake. Lazima azungumze. Hadithi yote imegeuka, na aliyeigeuza si mhakiki wala mhariri. Ni mtu anayejua maji yanajaa saa ngapi. Mimi na kijana wa Dodoma, tungempata wapi bibi huyu tusingekuwa na kundi?

Kijana anataka kuwahi tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, ile inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Tumekubaliana asiharakishe. Ataisoma tena Alhamisi ya mwisho wa mwezi, na bibi ndiye atakayeongoza maswali.

Saa 4:20 usiku

Kabla ya kulala nikakuta ujumbe wa mtu mgeni, fundi pikipiki wa Muheza, amepewa namba yangu na mteja. Anauliza kama anaweza kujiunga, ingawa aliishia kidato cha pili, na kama kuna ada. Nimemjibu hakuna ada, na kidato hatuulizani. Nimemtumia ratiba. Aje na mstari mmoja wa anachotaka kuandika, na akifikisha maneno 50 siku ya kwanza, tutayaandika kwenye orodha 50 vile vile kama yalivyo. Nikamwambia aanze Jumatatu, si Jumapili, maana Jumapili hatuandiki pamoja, kila mtu na nyumba yake.