Siku moja na msumeno wa meno madogo

Saa 12:30 asubuhi. Natoka Ndeeba, hapa Kampala, begi la vifaa begani. Mimi ni seremala wa kumalizia: fremu za milango, mbao za chini ya ukuta, zile kona ambazo mwenye nyumba huzitazama kwanza akiingia.

Saa 2:00. Saiti ya Ntinda, umeme umekatika. Nakata ubao wa mkangazi kwa msumeno wangu wa zamani, meno 8 kwa inchi. Upande wa chini nyuzi zinachanika kama mswaki uliotafunwa. Fundi mwenzangu, Mkongo, anauinua ubao kwenye mwanga.
"Kaka, huu ni wa mbao za paa. Kona hautakupa."
Kweli tupu.

Saa 4:00. Nimerudi Ndeeba, dukani, kutafuta msumeno mpya. Bei naiuliza mwisho. Naweka rula kwenye meno na kuhesabu: 13 kwa inchi. Kwa kazi hii sishuki chini ya 12, kwa sababu jino kubwa hung'oa nyuzi badala ya kuzikata. Nafumba jicho moja, natazama bapa kutoka mpini hadi ncha. La kwanza limepinda, narudisha. La pili limenyooka, na mgongoni lina ukingo wa shaba unaolizuia lisiyumbe. Ila ukingo huohuo ukigota kwenye ubao, msumeno haushuki tena, na wengi hulikumbuka hilo wakiwa tayari wameshalipa. Napima kutoka meno hadi ukingo: inchi 3 na nusu. Mbao zangu nikizisimamisha ni inchi 3. Sawa.

Muuzaji ananionyesha wa Kijapani, unaokata ukivutwa. Bapa lake ni jembamba mno, mkato wake safi sana. Nimewahi kuutumia nikaupenda. Lakini meno ya huu yamekomazwa kwa joto, tupa haiyashiki. Yakiisha makali, unanunua bapa jipya, na dukani hapa bapa za akiba hakuna. Nataka meno nitakayoyanoa mwenyewe, kwa tupa ya pembetatu, jioni kibarazani.

Saa 7:30. Nimerudi saiti na ule wa ukingo wa shaba. Nachora mstari kwa kisu, siyo penseli, ili nyuzi za juu zikatike kabla jino halijafika. Nausukuma msumeno taratibu, bila kuukandamiza. Unga unaotoka ni laini kama wa muhogo.

Saa 10:40. Kona ya sebule. Nakunja kipande cha gazeti, najaribu kukipenyeza kwenye maungio. Hakiingii. Mkongo naye anajaribu, kisha ananipa ubao unaofuata.