Boazi Aliuliza Kwanza (Ruthu 2)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tuko Ruthu sura ya pili, na kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu naomba niliseme wazi. Haya maneno tunayosema juu ya watu wanaoishi hapa Marekani bila makaratasi, tukitoka ibadani, kwenye magari, kwenye magrupu ya WhatsApp, mengi ni uongo. Na Kutoka 20:16 inakataza kumshuhudia jirani uongo, awe na makaratasi asiwe nayo.

Mwangalieni Boazi. Anafika shambani kwake anaona sura ngeni, ndiye Ruthu, anamuuliza msimamizi wa wavunaji, huyu msichana ni wa nani? Jibu linaanza na asili yake, ni yule Mmoabi, na kila Mwisraeli alijua Kumbukumbu 23 inasemaje juu ya Wamoabi, hata kizazi cha kumi wasiingie katika mkutano wa Bwana. Lakini msimamizi hakuishia hapo. Akasema aliomba ruhusa ya kuokota masazo, na tangu asubuhi yuko kazini, kapumzika kidogo tu. Alisema alichokiona kwa macho yake, na Boazi akaamua kwa hayo, akamruhusu hadi kunywa maji ya wavunaji.

Sasa sisi tunasema hawalipi kodi. Jamani! Akinunua nguo analipa kodi, akiweka mafuta analipa, akilipa pango kodi ya jengo imo humohumo, na wengi wanajaza fomu za IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kila mwaka kwa namba ya mlipakodi iitwayo ITIN, ambayo IRS wenyewe waliianzisha 1996 kwa wasioweza kupata namba ya Social Security, mfuko wa pensheni wa serikali. Wapo wanaofanya kazi kwa namba isiyo yao, hilo ni kosa na silitetei, ila makato kwenye cheki yanakatwa vilevile. ITEP, taasisi ya utafiti wa kodi, ilipiga hesabu ikaona mwaka 2022 walilipa kodi dola bilioni 96.7, na humo bilioni 25.7 ziliingia Social Security, mfuko ambao wakizeeka hivyo walivyo hawatapata pensheni yake. Yaani wanawalipia wazee wa nchi hii uzee wao. Kila nikifika Yakobo 5:4, pale ujira wa waliovuna mashamba unapopiga kelele hadi masikioni mwa Bwana, nawafikiria hawa, maana hata kwenye mashamba ya mboga na matunda ya hapa Marekani, karibu asilimia 40 ya vibarua hawana makaratasi.

Tunasema pia wanakula misaada. Food stamps, ule msaada wa chakula, hawapati, Medicaid ya kawaida ya serikali kuu, ile bima ya afya ya wenye kipato kidogo, hawapati. Mtoto aliyezaliwa hapa ni raia, yeye anapata, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Uhalifu je? Texas huwa wanaangalia hadhi ya uhamiaji ya kila anayekamatwa, na takwimu zao za 2012 hadi 2018 zilionyesha wasio na makaratasi wanakamatwa kwa makosa ya ukatili chini ya nusu ya kiwango cha wazaliwa wa hapa.

Linaloniumiza zaidi ni hili la "si wangefuata foleni". Foleni ipi wapendwa? Kwa mtu asiye na digrii wala ndugu wa karibu aliye raia, viza za kudumu za kazi zisizohitaji ujuzi hazizidi 10,000 kwa mwaka, dunia nzima. Na wengi hawakuruka ukuta wowote, waliingia kwa ndege na viza halali ikaisha, wakiwemo watoto wetu tuliowasindikiza wenyewe uwanja wa ndege wa JKIA Nairobi na wa Dar. Sheria inasema aliyekaa mwaka mzima au zaidi bila hadhi halali ya uhamiaji akitoka nchini anafungiwa kurudi miaka 10, kwahiyo hatoki. Nimemwona dada mmoja anaangalia mazishi ya mama yake kwenye simu, ndani ya gari, parking ya nyumba ya wazee anakofanya kazi, udongo unarushwa kaburini huku yeye kavaa yunifomu, halafu akanawa uso akaingia shifti ya usiku kuwageuza wazee wa watu kitandani kila baada ya saa mbili wasipate vidonda.

Najua kuna atakayenijibu na Warumi 13, kwamba kila mtu aitii mamlaka. Sawa, mamlaka ina haki ya kupanga mipaka yake, hilo nalikubali kabisa, lakini Warumi 13 hiyohiyo inaendelea mstari wa 9 na 10 kwamba pendo halimfanyii jirani neno baya, na kumzushia mtu ni neno baya.

Tuombe kwa ajili ya ndugu hawa wiki nzima. Na kama kuna mtu wako yuko kwenye hali hii mwambie asipeleke hela kwa wajaza fomu wa mtaani wanaojiita notario, atafute wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, yapo mashirika ya makanisa yanayosaidia kwa ada ndogo. Anayeogopa kwenda peke yake aseme, tutamsindikiza.