Faida ya gunia la dagaa: taarifa zinatosha au hazitoshi?

Kwa wanaojiandaa na GMAT (mtihani wa kuombea nafasi ya shahada ya uzamili ya biashara) hapa Mwanza, maswali ya utoshelevu wa taarifa huwasumbua hata walio wazuri wa hesabu. Unapewa swali na kauli mbili, kisha unaamua kama zinatosha kulijibu. A: kauli ya 1 peke yake inatosha. B: ya 2 peke yake. C: mpaka zote mbili ziunganishwe. D: kila moja inajitosheleza. E: hata zikiunganishwa hazitoshi. Tangu mtihani ulipobadilishwa mwishoni mwa 2023, maswali haya yamo katika sehemu ya Data Insights, maswali 20 kwa dakika 45. Kikokotoo kipo kwenye skrini, ila ukijikuta unakibonyeza mfululizo, ujue umeshapotea njia.

Tuanzie soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Mchuuzi kanunua gunia la dagaa kwa bei N, kaliuza kwa bei U, hana gharama nyingine. Je, faida yake ni asilimia ngapi ya bei ya kununulia?

(1) Alipata faida ya shilingi 15,000.
(2) U ni mara 1.25 ya N.

Faida kwa asilimia ni (U − N) ÷ N × 100. Ukiigawa, inabaki U ÷ N, toa 1. Kwa hiyo kinachotafutwa ni uwiano tu. Kauli ya 1 ina shilingi lakini haina uwiano: 15,000 juu ya mtaji wa 30,000 ni asilimia 50, juu ya 150,000 ni asilimia 10. Haitoshi, hivyo A na D zinafutwa papo hapo. Kauli ya 2 inatoa uwiano: asilimia 25. Jibu ni B.

Sasa geuza swali: faida ni shilingi ngapi?

(1) Faida ni asilimia 20 ya bei ya kuuzia.
(2) Faida ni asilimia 25 ya bei ya kununulia.

Hapa wengi huanguka. Wanaona asilimia mbili tofauti, wanahesabu milinganyo miwili na visivyojulikana viwili, wanachagua C. Lakini ukiuza kwa 100 na faida ikawa 20, ulinunua kwa 80, na 20 juu ya 80 ni asilimia 25. Kauli zote mbili zinasema jambo moja, na hakuna shilingi hata moja iliyotajwa. Jibu ni E. Kabla ya kuchagua C, andika kila kauli kwa N na U uone kama ya pili imeongeza chochote.

Kuna mtego wa upande wa pili, wa kudai taarifa usizozihitaji. Mtu kanunua sangara, gharama yake ni hiyo tu. Faida ni asilimia ngapi?

(1) Bei ya kuuzia kwa kilo ilizidi ya kununulia kwa asilimia 30.
(2) Asilimia 10 ya kilo alizonunua zilioza zikatupwa, zilizobaki zikauzwa zote.

Idadi ya kilo haijatajwa, wala bei, basi mtu anakimbilia E. Bila sababu: 0.9 × 1.3 = 1.17, faida ni asilimia 17, iwe kilo 10 au tani nzima. Jibu ni C. (Anayetoa 10 kwenye 30 akapata 20 atachagua C vilevile, ila swali likigeuka kuwa “je, faida ilizidi asilimia 18?” atajidanganya kwamba jibu ni ndiyo.)

Na kwa maswali ya ndiyo au hapana, “hapana” ya uhakika inatosha sawa na “ndiyo”. Kisichotosha ni “inategemea”. Je, faida ilizidi asilimia 20? (1) N haikuzidi 60,000. (2) U ilizidi 75,000. Moja moja hazifui dafu. Kwa pamoja, pima hali mbaya kuliko zote: 75,000 ÷ 60,000 ni 1.25, kwa hiyo ndiyo, jibu ni C. Shusha 75,000 iwe 70,000, na uwiano wa chini unakuwa kama 1.167: huenda ilizidi, huenda haikuzidi. E.

Mlinganyo mmoja nao usiudharau pale vitu vinapouzwa vizima. Faida ni 700 kwa sado ya dagaa na 900 kwa sado ya maharage, sado haigawanywi; sado ngapi za dagaa ziliuzwa, ikiwa faida yote ni 6,200? Jaribu maharage kuanzia 0 hadi 6: ni 3 tu inayoacha salio linalogawanyika kwa 700, yaani 3,500. Dagaa ni sado 5, na kauli hiyo moja imetosha.