Swali la tisa
Mtu amekuja zahanati ya Kayole, Nairobi, na kichwa kinachomgonga, anaulizwa kuhusu huzuni. "Kwani mnaniona mwendawazimu?" Ana haki ya kushtuka. Wewe mhudumu, mwambie kwanza kwamba kila mgonjwa huulizwa, kisha anza na usingizi na "kufikiria sana", maneno anayoyatumia mwenyewe.

Fomu ya PHQ-9, ya kupima dalili za sonona (huzuni iliyo ugonjwa), ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10 au zaidi, achunguzwe zaidi. La mwisho, la kutaka kufa au kujidhuru, ndilo zito. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilipobatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua kulikuwa jinai. Swali hilo likisomwa kwa sauti kwenye foleni ya kupimwa presha, atajibu "hapana". Funga mlango. Akijibu "ndiyo", asirudishwe benchi peke yake.