Taa za bajaji ndani ya kompyuta yangu

Hii ni 2015 hivi, kabla Kariakoo haijajaa haya mafeni ya kompyuta yanayobadilika rangi kama kinyonga. Enzi hizo ukitaka mashine yako iwake taa ndani ulikuwa unajitegemea. Mimi nilikuwa naangalia video za YouTube kwa bando la usiku, watu huko nje wana keisi za kioo, taa zimejificha huwezi hata kujua zimekaa wapi, halafu nikigeuka naiona ya kwangu, Dell OptiPlex ya mtumba, bati jeusi tupu, imetoka kwenye ofisi ya watu huko Ulaya na ile stika ya namba ya mali ya ofisi bado imeganda ubavuni. Nilizunguka maduka nikiulizia taa za kompyuta, muuzaji mmoja akanijibu kwa upole kabisa, "Taa za kompyuta ndo zikoje? Si ina kioo chake."

Jibu nilikuja kulipata ndani ya bajaji. Nimepanda usiku kutoka Mwenge narudi Sinza, dari lote lina utepe wa taa, hadi miguuni kwa dereva kunawaka, mziki mnene. Nikamuuliza zile taa zinakula umeme gani, akasema betri hii hii kaka, volti 12. Hapo nikakaa kimya mpaka nashuka, maana pawasaplai ya kompyuta, lile boksi linaloigawia mashine umeme, nayo inatoa volti 12, ipo pale kwenye waya wa njano, siku zote. Nikaomba namba ya fundi wake.

Fundi kijiwe chake kilikuwa chini ya mti pembeni ya saluni ya kiume, bajaji zimepangwa zinasubiri wairingi, umeme anavuta kwa ekstensheni kutoka saluni. Nilifungua pawasaplai nikaenda nayo kwenye mfuko wa rambo. Akaigeuza geuza, akasema "Dogo hii mbona haina pa kuwashia?" Sasa hapo ndo na mimi nikapata la kuonyesha. Nikachukua kipande cha waya, upande mmoja nikachomeka kwenye tundu la waya wa kijani kwenye ile plagi kubwa, upande wa pili kwenye tundu la mweusi wa jirani, feni ikaanza kuzunguka. Madereva wote wakasogea. Fundi akaniangalia, akaangalia ule waya wa kijani, akauliza tena "huo huo mmoja tu?" nikamwambia huo huo, kwenye kompyuta kile kitufe kinaiambia tu bodi kuu ya ndani, na bodi ndo inaushusha huo waya kwenye weusi.

Akachukua testa yake, ile ya mafundi wa magari yenye sindano mbele na kibalbu ndani ya mpini, klipu akaibana kwenye waya mweusi. Akagusa mwekundu, kibalbu kikawaka kwa uvivu, wekundu wekundu hivi kama hakitaki. Akagusa wa njano, kikawaka mpaka ukakwepesha macho. Hakuwa na haja ya kusoma namba yoyote, akasema "ya kwangu ni hii ya njano, hiyo nyingine sijui ya nani." Nikamwambia hiyo nyekundu ni volti 5, ya vifaa vingine. Akakubali, tukaendelea.

Tatizo likaja kwenye rangi. Mimi Simba, nikataka nyekundu. Fundi Yanga wa kufa mtu, kijiwe chake chote bendera, akasema nyekundu haungi mtu hapa, kama nataka kijani anikatie sasa hivi na bei anashusha. Tukabishana, madereva wakagawanyika pande mbili kama kawaida yao, bajaji zikasimama kazi. Mwisho tukachukua buluu, ikabidi wote tuonekane mashabiki wa Azam.

Ule utepe unakuja kwenye roli ya mita 5, na haukatwi popote tu. Kila taa tatu kuna alama ya mkasi na vidoa vya shaba, ndo hapo unapopitisha, kwa sababu zile tatu zimefungwa mnyororo mmoja na kirezista chao, kile kidude cha kuzuia umeme usizidi, ili zigawane hizo volti 12. Ukikata katikati, kile kipande hakiwaki. Fundi alikuwa anapima kwa mkono, hana futi, anainamisha mkasi na kukata kwenye alama bila kuangalia. Kwenye waya akaniwekea fyuzi ndogo ya redio ya gari. Nikamuuliza ya nini na pawasaplai ina ulinzi wake, akajibu ameona bajaji ikiungua kwa waya mwembamba kuliko huo. Sikubisha, na mpaka leo nikifunga taa yoyote naweka fyuzi.

Ubavu wa keisi nilipeleka kwa wachomelea mageti, bati peke yake, mashine yenyewe niliiacha nyumbani maana unga wa chuma wa grinda ukiingia kwenye bodi umekwisha. Wakakata dirisha, nikaweka plastiki ngumu inayopitisha mwanga niliyopata kwa watengeneza mabango, kingo nikazifunika na mpira wa kioo cha gari. Hiyo ilienda haraka.

Kazi kubwa ilikuwa kubandika. Gundi ya nyuma ya utepe kwa joto la Dar haikai, inaachia taratibu, unaamka utepe unaning'inia kwenye feni. Fundi alikuja mwenyewe nyumbani jioni, akafuta bati kwa kitambaa chenye petroli, tukaacha ikauke na madirisha wazi mpaka harufu iishe, ndo akabandika na kuzidishia silikoni kwenye kona. Mimi nilikuwa nataka utepe ukae katikati uonekane, nimeulipia bwana. Akakataa. Akaubandika kwenye ukingo wa ndani, juu ya dirisha, taa zinaangalia chini, ukikaa kwenye kiti huoni balbu hata moja unaona mwanga tu unamwagika kwenye bodi. Na alikuwa sahihi, yani mpaka leo naona mashine za watu za mamilioni zina balbu zinakutoboa macho na namkumbuka yule fundi.

Tukawasha. Buluu ikajaa. Na vumbi likajaa, jamani, vumbi ambalo mchana huwezi kuliona, limelala kwenye hitisinki, kile chuma cha kupozea mashine, kama blanketi, na zile waya zimevurugika mbele ya kila kitu. Fundi akacheka, akasema sasa umejionea chumba chako. Usiku ule sikucheza gemu, nilikuwa na brashi ya rangi napiga vumbi, na waya nazipitisha nyuma ya bodi moja moja.

Mama alipita, akasimama mlangoni, akauliza "Na hiyo nayo itakula yuniti ngapi?" Nikamweleza utepe wa mita moja hata ukijaa taa 60 haufiki wati 15, balbu ya zamani ya kule koridoni peke yake ni wati 60. Akasema basi nikabadilishe ya koridoni kwanza. Nikabadilisha.

Habari zikasambaa. Jamaa mmoja wa kibanda cha gemu akataka na yeye, nikampeleka kijiweni. Fundi akamtajia bei, mara mbili ya niliyolipa mimi. Jamaa akaja juu, mbona huyu ulimfanyia nusu? Fundi wala hakuinua kichwa, alikuwa anamenya waya kwa meno, akanionyesha kwa kidole.

"Huyu alikuja na waya wa kijani. Wewe umekuja na nini?"