Boga na sentimita zake 54

Saa kumi na moja alfajiri nishaamka, naswali, nakunywa chai ya rangi na mahamri mawili yaliyolala, alafu bodaboda mpaka Casuarina. Lazima niwahi manake ikifika saa tatu jua la Malindi halina mchezo, na mbwa hatoi jasho kama sisi, joto analitoa kwa kuhema ulimi nje.

Saa kumi na mbili na nusu Boga, mbwa ninayemfundisha, ashasimama getini. Jina alipewa na mzee askari, ukiona hicho kichwa huulizi kwa nini. Bosi wake ni Muingereza, anarudi kwao moja kwa moja, akanipa kazi nimzoeshe Boga kuvaa kikapu cha mdomoni, kile cha kumzuia kuuma, ili waende wote. Kumbe kwao mbwa wa aina hii, XL Bully, tangu tarehe 1 Februari 2024 ukiwa naye bila cheti maalum ni kosa, na kumwingiza kutoka nje ndo hakuna kabisa. Tena hawaulizi adabu yake, wanaangalia umbo. Dume akifika sentimita 51 begani, na kichwa na kifua vikalingana na maelezo yao, basi kwisha, hata kama mamake ni koko wa Maweni. Nikaazima tepu ya fundi wa nguo, Boga akasimama wima kama bwana harusi anapimwa kanzu. 54!

Kwa hio Boga anabaki na mzee askari, na siku hizi namfundisha mzee zaidi ya mbwa.

Saa moja tunaanza na kikapu. Simvalishi, nakishika tu, ndani nimeweka kipande cha ini la kuchemsha, yeye mwenyewe anaingiza pua. Anakula, anatoa. Tena. Mara ya tano nahesabu mpaka kumi ndo natoa. Kamba za shingoni sifungi mpaka nione mkia umelegea. Na kikapu kiwe kipana, aweze kuhema na kunywa maji, vile vya kitambaa vya kubana mdomo kwa joto hili vitamuua. Mzee akijaribu anamvuta mkanda kwa nguvu zote.

"Baba, usimvute, ukivuta na yeye anavuta."

"Mwanangu, huyu mbwa ama ng'ombe?"

Saa tatu tumemaliza. Jirani Mtaliano anapita anatucheka, ati kwao orodha ya mbwa hatari waliifuta 2009, dhamana ni ya mwenye mbwa. Mimi naona wao ndo wamepatia, lakini nani ataniuliza.

Mchana sina la maana, kuna kijibwa Muyeye kinatafuna viatu, nusu saa nishamaliza.

Saa kumi na nusu jioni tunampeleka Boga ufuoni Silversands, maji yamekupwa, kikapu mdomoni, mkanda kashika mzee. Watoto wawili wanakimbia mbio wakipiga kelele, mmoja kaokota jiwe. Hapa ndo roho yangu inaruka. Mzee badala ya kuvuta akasimama, akasema "kaa" polepole tu kama anaongea na mjukuu, na lile limbwa likakaa chini kwenye mchanga wa maji, likamtazama yeye, jiwe wala halikuliona. Mtoto akalitupa jiwe baharini. Nikampa mzee ini amlishe mwenyewe kupitia kikapuni, mkono unamtetemeka kidogo.

Magharibi nyumbani. Mamangu hanipokei mkono mpaka nipite bombani, kuna kopo la mchanga pale kazi yake hio tu, mara saba, moja kwa mchanga. Mtaani wanasema sana, Muislamu na mbwa, nami nawajibu mbwa wa ulinzi karuhusiwa, mate ndo najisi, na mimi naosha.

Saa tatu usiku simu inalia, sauti ya bosi kwa WhatsApp. Ati kesho nimpime tena, pengine siku ile Boga alikuwa amejinyoosha.