Pleti ya mili 25 kwa gesi: ninavyopata ukingo ulionyooka na kukaa skwea (digrii 90 na uso wa pleti)

Vipande ninavyokata mara nyingi ni vya fremu za mashine: pleti ya chuma laini, unene mili 25, urefu wa mkato sentimita 30 hivi, tochi ya mkono ya oksijeni na asetilini. Ukingo wa kipande kimoja unakaa juu ya kingine, kwa hiyo ukilala milimita moja tu pengo linaonekana, na elektrodi za kuchomelea zinaishia kujaza pengo hilo. Utaratibu huu ndio ulionifikisha kwenye ukingo ambao grainda inaupitia juu juu tu.

Kosa nililoanza nalo ni kudhani kwamba moto ndio unaokata. Moto unakipasha chuma hadi kama nyuzi 900 tu. Baada ya hapo oksijeni inakiunguza chuma chenyewe, na oksidi inayotokea huyeyuka mapema kuliko chuma, ikapulizwa chini. Kisu ni oksijeni. Tangu nilielewe hilo niliacha kuongeza moto kila mkato unapokuwa mbaya.

Kwa mili 25 natumia nozeli (mdomo wa tochi unaotoa moto) ya asetilini, yenye tundu la inchi 1/16. Ya 3/64 ni ya pleti za mili 12 kushuka. Regyuleta ya oksijeni naiweka ba 2.8, yaani pauni 40 kwa inchi ya mraba, leva (ya kufungulia oksijeni ya kukatia) ikiwa imebonyezwa na oksijeni inapita. Ukiisoma geji leva ikiwa imefungwa, presha itashuka mara tu unapoanza kukata. Asetilini ba 0.2 hadi 0.3 inatosha, na haivuki ba 1 kwa hali yoyote, maana ikizidi hapo inaweza kulipuka yenyewe ndani ya mpira. Jedwali la mtengenezaji wa nozeli likitofautiana na namba zangu, fuata jedwali. Anayetumia gesi ya kupikia anahitaji nozeli yake, ile ya vipande viwili. Ya asetilini haifai hapo.

Kabla ya kugusa pleti nawasha tochi, naweka moto wa kati (oksijeni na asetilini zikilingana, hakuna inayozidi), kisha nabonyeza leva na kurekebisha moto tena leva ikiwa chini. Halafu naangalia mstari wa oksijeni katikati ya moto. Uwe mwembamba, umenyooka kama sindano, na usitawanyike karibu na mdomo. Nauangalia kwa mbele, kisha nageuza tochi na kuuangalia kwa ubavu, kwa sababu mstari uliopinda upande mmoja huonekana umenyooka ukiutazama kutoka upande mwingine. Ukipinda, nazima na kusafisha tundu la katikati kwa waya wa saizi yake, nikiingiza na kutoa wima. Kuuzungusha au kuusukuma pembeni kunatanua tundu, na tundu likishakuwa yai nozeli hiyo haitakata skwea tena. Mdomo uliochakaa nausugua kwenye msasa laini uliolazwa juu ya kitu bapa.

Pleti yenyewe naisugua kutu na ganda jeusi la kiwandani kwenye njia ya mkato, juu na chini, kama sentimita 3 kila upande. Ganda likiruka katikati ya kazi, mkato unakatika na kuacha shimo. Nachora kwa chaki ya chuma, napiga senta panchi kila sentimita 2, na nakumbuka kwamba mkato unakula kama milimita 2, kwa hiyo mstari unabaki upande wa kipande na mkato unakwenda upande wa chakavu. Pleti inalala sawa kwa pima maji juu ya vyuma viwili, chini yake pawe wazi sentimita 10 au zaidi. Usikatie karibu na sakafu ya zege: zege likipata joto hilo linapasuka na kuruka.

Kiongozi changu ni engo (chuma cha umbo la L) ya mili 40 iliyobanwa kwa klampu mbili, bawa moja limelala, jingine limesimama. Nozeli inaegemea bawa lililosimama. Hapa ndipo skwea inapopotea bila mtu kujua: nozeli nyingi zimechongoka kuelekea mdomoni, na ukiegemeza sehemu iliyochongoka, tochi yote inalala. Iguse kwa sehemu iliyonyooka, kisha hakikisha kwa skwea ndogo. Kulala kwa digrii moja kwenye mili 25 ni milimita 0.4, digrii tatu ni zaidi ya milimita 1.3. Matundu mawili ya moto yawe kwenye mstari wa mkato, moja mbele, moja nyuma.

Naanza pembeni, ncha za moto zikiwa milimita 3 juu ya pleti, hadi kona iwe nyekundu ya kung'aa. Nafungua leva polepole, nasubiri cheche zitoke chini, ndipo natembea. Mwendo ni kama sentimita 30 kwa dakika. Sauti inakuwa moja, kama kitambaa kinachochanwa bila kusita. Mwishoni napunguza mwendo kidogo, kwa sababu chini ya mkato huwa nyuma ya juu, na ukiharakisha kona ya chini inabaki haijakatika.

Baada ya hapo nasoma ukingo. Mistari iliyosimama karibu wima ni mwendo mzuri. Ikipinda sana kwenda nyuma kuelekea chini, nilikimbia. Ukingo wa juu ukiyeyuka na kuwa mviringo, wenye shanga za chuma, moto ni mkubwa au nilichelewa. Ukingo ukibonyea chini kidogo tu ya juu, oksijeni imezidi. Vishimo sehemu ya chini ni mwendo wa kusuasua. Mavi ya chuma yakitoka kipande kirefu kwa pigo moja la nyundo, kila kitu kilikuwa sawa.

Ukingo usiokaa skwea nautafutia sababu kwa kupima pande zote mbili za mkato, kipande na chakavu. Kingo zote zikilala upande mmoja sambamba, tochi ilikuwa imelala. Zikiwa zimeachana, pengo la chini pana kuliko la juu, tatizo ni oksijeni iliyotawanyika: tundu limechakaa au limeziba, au presha imezidi. Watu wengi hupima kipande kimoja tu, wakasahihisha tochi ambayo haina kosa.

Vipande virefu vyembamba hupinda kwa joto. Naacha daraja la sentimita 2 mwishoni, nangoja pleti ipoe, ndipo namalizia. Kama tundu litatobolewa karibu na ukingo, nasaga milimita 1 hadi 2 kwanza, kwa sababu ngozi ya ukingo uliokatwa kwa gesi huwa ngumu na inamaliza keekee.